Uteuzi wa Kinga ya Masikio kwa Viwanja vya Shabaha: Hali ya Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro



Hapa kwetu mafunzo ya silaha si jambo la mbali. Shule ya Polisi Tanzania iko hapa hapa Moshi, na askari wapya hupelekwa Kilelepori, wilayani Siha, kwa mafunzo ya medani. Ukipanda kaskazini mwa mji unafika Mweka, kwenye Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963, ambako matumizi ya bunduki ni sehemu ya maandalizi ya mhifadhi. Juu zaidi, katika msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, wako askari wa doria wanaobeba silaha kwenye njia za nyati na tembo. Tukiongeza walinzi wa kampuni binafsi na raia wenye leseni, wote hawa lazima wapite kwenye uwanja wa shabaha.

Hoja yangu kwenu ni moja. Tunanunua kinga ya masikio kwa kutazama bei na namba iliyoandikwa kwenye pakiti, ilhali kinachomwokoa mtu ni jinsi kifaa kinavyoziba kwenye kichwa chake mwenyewe, katika hali ya hewa anayofanyia kazi. Na katika manunuzi hayo tunayemsahau zaidi ni mkufunzi.

Mlio wa risasi si kelele ya kiwandani

Mtumishi anayekaa karibu na mashine za kiwanda huumia polepole. Kipimo kinachotumika sana duniani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Risasi haingoji saa 8. Mlio wake hufika kileleni na kwisha kabla jicho halijapepesa, na kikomo kinachokubalika kwa mlio wa ghafla ni desibeli 140. Bunduki ndogo ya .22 hukaribia kikomo hicho au kukifikia. SMG na bastola nyingi hupita 150. Raifo za kuwindia wanyama wakubwa, kama .375 na .458, hupita 160. Kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, kwa hiyo desibeli 160 ni nguvu mara mia ya ile ya 140. Mlio mmoja unatosha kuacha jeraha la kudumu.

Seli za kupokea sauti ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Zinazotangulia ni za sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000. Ndiyo maana mtu aliyeumia husema anasikia watu wakizungumza ila haelewi wanasema nini: sauti za s, f na sh zimekwisha kumpotea. Kwa askari wa doria hasara hii ni ya hatari. Majani makavu yanayokanyagwa na kijiti kinachovunjika vina sauti hizo hizo nyembamba, na pale msituni ndizo zinazomwambia kuwa kuna nyati mbele yake. Anayelenga kwa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo lililoelekea mdomo wa mtutu, wakati la kulia limesitirika nyuma ya kichwa.

Pamba, karatasi, vichungi vya sigara na maganda ya risasi naomba tuviondoe viwanjani kabisa. Pamba hupunguza desibeli chache tu. Ganda la risasi halizibi mfereji wa sikio, na likigongwa kwa bahati mbaya linaweza kupasua kiwambo cha sikio.

Kuisoma namba ya pakiti

Bidhaa za Marekani huandikwa NRR na za Ulaya huandikwa SNR, kisha idadi ya desibeli ambazo kifaa hupunguza. Viziba vya sponji vingi huonyesha NRR ya 29 hadi 33, na vifunika masikio vya kawaida huonyesha 20 na kidogo. Namba hiyo hupatikana maabarani, mvaaji akiwa amesimamiwa na hana haraka. Uwanjani haifikiwi. Wataalamu wa afya kazini Marekani hushauri kupunguza nusu ya namba kwa viziba vya sponji na robo kwa vifunika. Kiziba cha 30 basi kihesabiwe kuwa 15. Hesabu hii ni makadirio tu, kwa kuwa namba zenyewe zilipimwa kwa kelele ya mfululizo na si kwa milio ya ghafla, lakini inatosha kuonyesha jambo moja: 160 ukitoa 15 bado uko juu ya 140.

Kwa hiyo kwa raifo kubwa, na kwa kila uwanja ulioezekwa mabati au wenye kuta zinazorudisha mlio, kinga iwe maradufu: kiziba ndani, kifunika juu yake. Msitegemee kwamba namba mbili zitajumlishwa. Cha pili huongeza kama desibeli 5 juu ya kile chenye nguvu zaidi, lakini kwa milio ya kiwango hiki desibeli 5 ni nyingi.

Kichwa cha mvaaji

Kiziba cha sponji husokotwa kwa vidole hadi kiwe chembamba. Mkono wa pili hupitishwa nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma ili mfereji unyooke. Kiziba huingizwa na kushikiliwa kwa nusu dakika hadi kitanuke. Kikibaki kimechungulia nje karibu chote, hakijaziba. Masikio hayalingani, na wenye mfereji mwembamba, wakiwemo wanawake wengi, huhitaji saizi ndogo. Kuagiza boksi la saizi moja kwa kundi zima ni kuwaacha baadhi yao bila kinga. Halafu kuna vumbi. Siha na Magharibi ya Kilimanjaro kiangazi vidole havikai safi, na kusokota sponji kwa vidole vichafu ni kuingiza uchafu sikioni. Maji na sabuni viwepo kabla ya mstari wa kufyatulia, au vinunuliwe viziba vya mpira vyenye kishikio, ambavyo havisokotwi na huoshwa.

Vifunika masikio ni vyepesi kukagua: mkufunzi huona kwa mbali nani kavaa. Kasoro yao ni mwanya. Mwezi Julai kule Mweka na kwenye mageti ya hifadhi baridi ni kali, na vijana huvaa kofia ya sufu kisha kifunika juu yake. Hapo kifunika hakizibi tena. Misuko minene na mikono ya miwani hufanya hivyo hivyo. Kofia ivaliwe juu ya mkanda wa kifunika, na mwenye miwani au misuko apewe kiziba kwanza. Hapa mjini mwezi Februari shida ni joto: jasho hujaa ndani ya vifunika na mtu huvinyanyua kidogo apate hewa, pengine sekunde ile ile jirani yake anafyatua. Kwa kipindi hicho mimi napendelea viziba. Mito ya vifunika iliyokakamaa au kupasuka ibadilishwe. Haina tena kazi.

Vipo pia vifunika vya kielektroniki, ambavyo hupitisha sauti ya kawaida na kuzuia mlio mkubwa. Bei yake ni kubwa na vinataka betri, na unyevu wa masika si rafiki yake. Hata hivyo, fedha zikiwa chache, zianze kwa mkufunzi. Yeye ndiye anayehitaji kusikia swali la mwanafunzi bila kufunua sikio. Kuruta hufyatua risasi zake na kuondoka, mkufunzi hubaki mstarini kundi baada ya kundi, mwaka baada ya mwaka, akiwa pembeni ya mitutu ya watu wengine. Kwa doria ya msituni, ambako askari hawezi kuziba masikio siku nzima, vipo viziba vyenye tundu dogo la kichujio: hupitisha mazungumzo na hukata makali ya mlio. Kinga yake ni ndogo kuliko sponji, kwa hiyo visitumike uwanjani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga na kuwapima afya wafanyakazi. Kipimo cha usikivu kifanyike kabla ya risasi ya kwanza, kirudiwe kila mwaka, na karatasi zihifadhiwe; bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayejua kilichopotea. Hospitali ya KCMC, yenye idara ya masikio, pua na koo, iko hapa hapa Moshi.

Ndugu maofisa ugavi, kabla ya agizo lijalo ombeni sampuli za aina tatu au nne, mziweke masikioni mwa wakufunzi na wanafunzi wenyewe uwanjani, ndipo mwandike zabuni.