Neno Moja, Kazi Mia Sita



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kutafsiri. Sikuja na nadharia. Nimekuja na neno moja tu la Kiingereza, neno la herufi tatu, ambalo mtoto wa shule hulijua mapema kabisa. Neno lenyewe ni "run". Mwulizeni mwanafunzi maana yake, naye atajibu bila kusita: kukimbia. Hajakosea. Lakini aliyeishia hapo amepewa ufunguo mmoja wa nyumba yenye milango mia sita.

Sipigi chuku. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford ilipokuwa ikifanyiwa marekebisho, mhariri wake mmoja, Peter Gilliver, alilishughulikia neno hilo peke yake kwa zaidi ya miezi tisa. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kitenzi hicho kimehesabiwa maana 645. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo katika toleo la mwaka 1989 lilikuwa na maana zipatazo 430.

Hapana budi tujiulize: maana zote hizo zimetoka wapi? Waingereza hawakukaa kikao wakazigawa. Zimetoka kazini. Hapo kale neno hilo lilikuwa la miguu ya mtu na mnyama, na la maji ya mto. Walipounda saa, mitambo ya mvuke, reli na viwanda, walihitaji kusema kwamba mashine inafanya kazi, wakalichukua neno la miguu wakaliingiza kiwandani. Kwa hiyo kwao injini "hukimbia", na meneja "hukimbiza" kiwanda. Mmarekani anayegombea urais "hukimbia", hali Mwingereza anayegombea ubunge "husimama", ingawa wote wawili wanatafuta kura. Siku hizi hata programu ya kompyuta imeingia katika mbio hizo hizo.

Tusiwacheke. Sisi nasi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki na tunapiga kura, wala hakuna anayeumia. Mgeni mwenye kamusi mkononi akidhani kwamba siku ya uchaguzi Watanzania huchapana, kosa si la Kiswahili. Kosa ni la mgeni aliyelitazama neno asitazame kazi yake.

Kosa hilo mimi mwenyewe nimelifanya, na ninalisema hapa ili lifundishe. Miaka michache baada ya kutoka Chuo Kikuu, nikiwa bado na kiburi cha shahada, niliombwa nitafsiri maelekezo ya pampu ya maji ya kijiji kimoja. Maelekezo ya Kiingereza yalikataza ku-"run" pampu ikiwa kavu. Nikaandika: "Pampu isikimbizwe ikiwa kavu." Niliridhika nayo. Mtunza pampu, mzee mwangalifu na mtiifu, aliisoma akaielewa kama ilivyoandikwa: kila asubuhi aliimwagia pampu ndoo ya maji kwa nje, kisha akaiwasha polepole. Kiangazi kilipofika na maji ya kisima kushuka, pampu ilizunguka bila maji ndani yake, ikapata moto hadi mipira yake ikaungua. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo vichwani. Ilinipasa niandike: "Usiiwashe pampu kama hakuna maji ndani yake, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoipoza." Maneno ni mengi zaidi, lakini pampu ingepona.

Ndugu zangu, jambo hili sasa limevuka kisima. Mwaka 2021 sheria yetu ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Ni hatua ya heshima, lakini imetutwika mzigo wa kutafsiri maandishi ya miaka mingi. Humo neno letu la herufi tatu linatungoja. Mtu aliyehukumiwa miaka 5 kwa kosa moja na miaka 5 kwa jingine, Kiingereza husema adhabu zake "zinakimbia" ama pamoja ama kwa kufuatana. Zikitumikiwa pamoja, ni miaka 5. Zikifuatana, ni miaka 10. Hali kadhalika, Kiingereza husema muda wa kukata rufaa umeanza "kukimbia". Mwananchi akiandikiwa hivyo atadhani anahimizwa tu afanye haraka. Kumbe maana yake ni kwamba siku zimeanza kuhesabiwa, na zikimalizika bila yeye kuchukua hatua, huenda mlango wa rufaa ukafungwa.

Kwa hiyo basi, ninalo ombi kwa kila upande. Ndugu walimu, msimpe mtoto neno likiwa peke yake kama yatima. Mpeni pamoja na jirani zake katika sentensi, kwani jirani ndio wanaolipa neno maana. Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kufungua kamusi ulizeni kwanza: nani anafanya nini hapa? Mkishapata jibu, lisemeni kwa Kiswahili ambacho mngekitumia hata kama Kiingereza kisingekuwapo. Injini huwashwa, kiwanda huendeshwa, kiti hugombewa, adhabu hutumikiwa, muda huhesabiwa, mto hutiririka. Tazameni: pale ambapo Mwingereza ana neno moja, sisi tunayo sita, na kila moja linaijua kazi yake.

Mwisho, kabla ya kupiga muhuri kwenye tafsiri, msomeeni mtu mmoja atakayeitumia, kisha mwambieni awaeleze alivyoielewa. Laiti ningemsomea yule mzee, angenisahihisha kwa dakika tano.