Shati Usilivue: Maandalizi ya Kutembea Chalbi

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa afya ya jamii kwa walimu, vijana na wakazi waliojiandikisha kutembea ukingoni mwa Jangwa la Chalbi. Aliitoa Maikona, jioni ya kuamkia safari.

 

Najua wengine wenu mmechunga ngamia hapa tangu utotoni na hamhitaji kufundishwa jua na mtu wa ofisini. Mnivumilie. Maneno haya ni ya wale waliokulia mjini, na ya walimu watakaoongoza watoto wa watu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Kalacha kwa miguu na mpwa wangu aliyekuja likizo. Tuliondoka saa tatu asubuhi, tumeshiba chai, kila mmoja na chupa ya lita moja na nusu. Yeye alivaa jinzi, fulana nyeusi na raba mpya. Kufika saa tano akaivua fulana, ati apigwe na upepo. Nilimwacha. Saa sita maji yalikuwa yamekwisha, naye akaninyoshea kidole mbele: “Mjomba, ziwa lile pale, tumefika.” Hapakuwa na ziwa. Ninyi mnayajua mazigazi ya Chalbi, lakini yeye alianza kuyakimbilia, na nilipomshika mkono ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria. Tuliokolewa na mzee mmoja aliyekuwa akipita na ngamia. Alimlaza kijana kivulini mwa ngamia, akamlowesha shuka, kisha akamuuliza polepole, “Kijana wangu, shati lako ulimpa nani?”

Swali hilo ndilo somo langu la leo. Huku jua likikupiga moja kwa moja, mwili hupokea joto jingi zaidi, na upepo mkavu hukausha jasho upesi. Nguo pana ya mikono mirefu hukutengenezea kivuli unachotembea nacho. Mwangalieni mchungaji yeyote: amejifunika. Basi kesho vaeni shati la pamba, pana, la rangi nyepesi, na suruali au sketi ndefu isiyobana. Jinzi iacheni nyumbani. Ni nzito, inabana, na ikilowa jasho inachubua mapaja.

Kichwani, chepeo haitoshi kwa sababu shingo na masikio hubaki wazi. Funga kilemba, leso au shuka, au vaa kofia pana yenye kamba ya kidevuni. Upepo wetu mnaufahamu, haubembelezi kofia ya mtu. Kitambaa hicho hicho kitakuziba pua vumbi la magadi likiinuka. Mwenye miwani ya jua ailete, kwa maana ardhi ile nyeupe hurudisha mwanga machoni kutoka chini.

Viatu viwe vile ulivyovizoea. Kiatu kipya kitakutoa malengelenge kabla ya saa mbili. Akala ni sawa kwa aliyezizoea, ila kwenye mawe meusi ya volkano na miiba mgeni avae kiatu kilichofunga mguu, na soksi mbili za kubadilisha. Kabla ya kukivaa tena baada ya mapumziko, kikung’ute. Nge hupenda kivuli kama sisi.

Sasa maji. Mtu mzima anayetembea kwenye joto hili anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wakati mwingine zaidi. Tutatembea saa tano, kwa hivyo kila mtu abebe lita tano. Ndiyo, ni kilo tano mgongoni, na nimesikia minong’ono tayari. Zigawe kwenye chupa tatu au nne, kwa sababu dumu moja likitoboka umebaki bila kitu. Kunywa kidogo kidogo njiani, usingoje kiu ikuume. Theluthi moja ya maji ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya lile usilolitarajia. Ukimaliza theluthi ya kwanza kabla hatujafika, sema, tutageuka wote. Usitegemee visima vya njiani, maana vingine vina chumvi.

Tena, maji matupu peke yake hayatoshi, kwani jasho hutoka na chumvi. Bebeni pakiti mbili za ORS, mzichanganye kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na tende, njugu au nyirinyiri.

Mengine ni madogo: filimbi, tochi, plasta, kibano cha kutoa miiba, sweta ya alfajiri, kioo kidogo cha kumulikia mbali. Simu ichajiwe, lakini mtandao hupotea ukitoka kijijini, kwa hivyo mwachie mtu nyumbani maneno haya: tunapita wapi, tunarudi saa ngapi. Huyo ndiye atakayepiga kelele tukichelewa.

Ikinyesha usiku, safari imeahirishwa. Ganda la Chalbi huonekana kavu juu na chini ni tope la kumeza gari. Laga nazo hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, msikoiona.

Mwenzako akiumwa kichwa, akitapika au akisikia kizunguzungu, msimamishe, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe ORS. Akianza kusema mambo yasiyoeleweka kama mpwa wangu, hapo ni hatari ya kifo. Mloweshe mwili mzima, mpepee, na mmoja akimbie kutafuta gari la kumpeleka hospitalini. Aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Mpwa wangu alipona. Mama yake, dada yangu, hakuniamini tena na watoto wake kwa muda mrefu, na sikumlaumu.

Tukutane hapa saa kumi na nusu alfajiri. Tutaanza saa kumi na moja na saa nne tuwe tumerudi chini ya miti. Nitakagua mabegi mwenyewe mlangoni. Asiye na lita tano atabaki na kutupikia chai, hata akiwa mwalimu mkuu.