Matokeo na Watu Wake



Kijana mmoja wa hapa Nachingwea, niliyemsomesha madrasa, anataka kuwa mwandishi wa habari za michezo. Nilimuuliza ataandika nini, ilhali matokeo ya mpira watu huyasikia redioni kabla jasho la wachezaji halijakauka. Akanijibu kwa habari za jirani zetu wa Ruangwa, timu ya Namungo.

Agosti 2, 2020, Namungo ilifungwa na Simba 2–1 katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mjini Sumbawanga. Hayo ni matokeo. Lakini Februari 2021 ilikwenda Luanda kupambana na Primeiro de Agosto, ikazuiliwa kwa sababu ya korona. Mechi haikuchezwa, na baadhi ya wachezaji wakabaki karantini wenzao waliporejea. Mechi zote mbili zikachezwa Dar es Salaam, Namungo ikasonga mbele.

“Jedwali litahifadhi mabao,” akasema. “Nani atamhifadhi aliyebaki Luanda?”

Nami nikamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni wa mwisho Mexico City mwaka 1968, goti limefungwa bandeji. Mshindi wa siku ile, Mamo Wolde wa Ethiopia, ni wangapi kati yenu wanaomjua?

Nilimwekea sharti moja: amwendee mhusika mwenyewe, asiandike maneno ya barazani, kwani mchezaji naye ana mama atakayesomewa gazeti lile. Akalikubali, kisha akaniomba nauli ya Ruangwa.