Dawa Nyekundu na Homa Isiyosubiri
(Mazungumzo mbele ya madiwani, watendaji wa kata na wahudumu wa afya ya jamii)



Mgonjwa wa saratani ya matiti kutoka kwetu hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Miongoni mwa dawa anazoweza kupewa huko ni doksorubisini, iitwayo dawa nyekundu kwa rangi yake. Hupitishwa mshipani, mara nyingi kila baada ya siku 21, kisha mgonjwa hupanda basi akarudi nyumbani. Madhara mengi humkuta huku, mikononi mwenu.

Siku ya kwanza na ya pili mkojo huweza kuwa mwekundu. Kanda ya Ziwa tunakijua kichocho, kwa hiyo hofu hiyo ina sababu. Lakini hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Ukizidi siku mbili, apimwe. Kichefuchefu kina dawa yake, naye asione haya kuiomba. Nywele hunyonyoka wiki ya pili au ya tatu, na huota tena tiba ikiisha. Tafadhali, asiambiwe amerogwa.

Jambo kubwa ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua sana. Kwetu homa ina jina moja tu, malaria: mtu hununua mseto dukani, hulala, hungoja siku tatu. Mgonjwa huyu hana siku tatu. Joto likifika nyuzi 38 aende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, na neno lake la kwanza liwe: “Nilipewa dawa ya saratani tarehe fulani.” Malaria ipimwe, ndiyo, lakini hata ikionekana, chembe nyeupe nazo zihesabiwe, na antibaiotiki ya mshipani isicheleweshwe kwa kungoja majibu.

Kwa ndugu wa upande wa Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa adha ya kungoja kivuko. Hata hivyo, mwenye homa asianze safari ya Mwanza. Afike kwanza hospitali iliyo karibu.

Akihema kwa shida au miguu ikivimba, hata miaka baada ya tiba, moyo uchunguzwe, maana dawa hii huweza kuudhuru.

Ziko kaya ambazo baba yuko machimboni Kakola au Nyarugusu wiki nzima. Huko, mhudumu wa afya ya jamii aijue tarehe ya dawa, kipimajoto kiwepo ndani, na dereva wa bodaboda wa usiku awe amekwisha kupatikana, nauli yake ikiwa imetengwa.