Ukiuza Kampuni Yako, Usione Haya Kuulizia Ujira Wako

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. 

Mwezi huu mtukufu tunahimizana mengi: kusoma Qur'ani, kusimama usiku, kuwakumbuka mayatima. Leo nataka tukumbushane jambo ambalo vijana wengi tunaona haya kulitaja, nalo ni ujira.

Juzi baada ya tarawehe rafiki yangu mmoja alinivuta kando. Yeye na mwenzake walitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka kuweka hesabu za madeni. Wamehangaika nayo miaka mitatu bila kujilipa mshahara, wakila kwa mama. Sasa kampuni kubwa yataka kuinunua, na yawataka wao wenyewe wabaki kuiendesha. Bei wameshakubaliana. Nikamuuliza, "Na mshahara wako utakuwa ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sikuuliza. Wataniona nina tamaa, na bei wamenipa nzuri."

Msomaji, hapo ndipo penye mtego. Bei ya kampuni ni malipo ya kazi uliyokwisha kuifanya. Mshahara ni malipo ya kazi utakayoifanya. Mara nyingi mnunuzi hukupa sehemu ya bei leo, na sehemu nyingine huiweka akakupa kidogo kidogo, kwa sharti ubaki kazini. Ukiondoka, umeiacha. Basi usipouliza, waweza kufanya kazi miaka minne ukilipwa pesa ambazo ulidhani zilikuwa zako tangu siku ya kuuza.

Tuchukue mfano ambao uko mkononi mwako kila siku: WhatsApp. Ilianzishwa mwaka 2009 huko California, Marekani, na Jan Koum na Brian Acton. Februari 2014 Facebook, ambayo tangu 2021 inaitwa Meta, ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 19. Hebu angalia zilivyogawanywa. Bilioni 4 zilikuwa pesa taslimu, na bilioni 12 hivi zilikuwa hisa za Facebook. Bilioni 3 zilizobaki zilikuwa hisa za waanzilishi na wafanyakazi, za kutolewa kwa muda wa miaka minne.

Acton aliondoka mwaka 2017 kabla ya fungu lake la mwisho kufika, kwa sababu hakukubaliana na wakubwa wa Facebook kuhusu njia za kuchuma pesa kwa WhatsApp, matangazo yakiwemo. Alivyoeleza mwenyewe katika jarida la Forbes mwaka 2018, mkataba ulikuwa na kifungu: Facebook ikianza kutekeleza mipango ya kuchuma pesa bila ridhaa ya waanzilishi, wao wapewe hisa zao zote. Alipokitaja kifungu hicho, mawakili wa kampuni walimjibu kuwa mipango ilikuwa bado yachunguzwa tu, haijaanza kutekelezwa. Hakutaka kushindana nao. Aliacha nyuma kiasi cha dola milioni 850. Yote hayo kwa maana ya neno moja, "kutekeleza". Yeye alikuwa tajiri tayari, aliweza kuondoka. Je, mimi na wewe?

Sasa rudi kwenye Surat Al-Qasas, kisa cha Nabii Musa (AS) na yule mzee wa Madyan. Musa alikuwa mkimbizi, hana kitu, na mzee alikuwa amemkaribisha. Angeweza kusema, "Nipe chochote." Lakini makubaliano yao yalikuwa wazi: malipo yalitajwa, muda ulitajwa kuwa miaka minane, na miaka miwili ya kuongeza ikawa ni kwa hiari ya Musa. Mzee akasema hataki kumtia tabuni. Musa naye akabainisha kuwa muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe, na wakamfanya Allah kuwa shahidi. Hakuna aliyemwita Nabii Musa mwenye tamaa.

Wanazuoni nao wanasema mkataba wa ajira wataka ujira ujulikane na kazi ijulikane. Na hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Kwa hivyo dini na sheria zote zinakwambia: andika.

Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne. Kwanza, fungu gani ni bei na fungu gani ni mshahara? Pili, kazi yangu ni ipi, na kwa muda gani? Tatu, mkinifukuza, mkiibadilisha kazi yangu, au nikiugua, lile fungu lililobaki litakuwaje? Nne, kila neno zito katika mkataba lina maana gani? Mpelekee wakili, hata kama itabidi ukope ada yake kwa mjomba.

Na wewe pia ogopa dhulma. Usimwambie mnunuzi kuwa kuna mwingine anayekupa zaidi, na huku hayuko. Saumu ni ya ulimi pia. Usijadiliane kwa siri ukamwacha mwenzako. Na wale vijana waliokusaidia mwanzo kwa ahadi ya "tutaonana mambo yakiwa mazuri", mambo sasa yamekuwa mazuri. Wataje kwenye meza hiyo hiyo.

Rafiki yangu bado hajatia sahihi. Alisema atakwenda kwao baada ya Idi, na maswali manne kwenye karatasi. Mwombee dua wakati wa kufuturu, na ujiombee wewe pia, Mola atujaalie riziki ya halali na ulimi usioona haya kuulizia haki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.