Binti wa Migori na Binti wa Tarime Mwaka 2070

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Homa Bay)



Mimi ni mtu wa reli, na reli haifiki hapa. Iliishia Kisumu mwaka 1901, na sisi wa Migori na Homa Bay tukaachiwa meli na barabara. Hata hivyo nitasema habari ya behewa.

Huko Vienna, nchi ya Austria, kuna kituo kiitwacho Wittgenstein. Wataalamu wake wanapiga hesabu ya elimu ya wanawake na wanaume wa kila nchi mpaka mwaka 2100. Niliposikia nilicheka: nani ajuaye mambo ya mwaka 2100? Kumbe hawapigi ramli. Mtu akishapita umri wa shule, elimu aliyo nayo ndiyo atakayozeeka nayo, ila wachache wanaorudi darasani. Behewa likipakiwa magunia 20 Mombasa na kufungwa, litafika Kisumu na magunia 20. Mwanamke wa miaka 30 mwaka 2025 aliyeishia darasa la 8, mwaka 2055 atakuwa na miaka 60, na bado ni darasa la 8. Dada yangu alitolewa darasa la 6 mwaka 2001 kwa kukosa malipo ya shule, miaka miwili kabla ada ya msingi kufutwa Kenya. Mwaka 2050 atahesabiwa hivyo hivyo.

Basi wataalamu hutoa wanaokufa na wanaohama, kisha hukisia watoto watakaoingia shule. Hapo huandika hesabu zaidi ya moja: moja kama shule zikibaki zilivyo, nyingine kama zikiendelea kuongezeka.

Sasa tazameni mpaka wetu wa Isebania na Sirari. Wakuria wako huku, wako na kule Tarime, lugha yao moja. Lakini mama wa huku na mama wa kule hawakupakiwa sawa. Tanzania, kwa Azimio la Musoma la 1974, ilitaka kila mtoto, msichana na mvulana, aingie shule ya msingi kufikia 1977. Ilikuwa kazi kubwa, na sisi Wakenya tusiidharau. Ila mlango wa sekondari ulibaki mwembamba kwa miaka mingi. Kwetu malipo yalikaa shingoni mwa mzazi, lakini wazee walichanga fedha wakajenga sekondari za harambee. Ndiyo sababu wanawake waliofika sekondari ni wengi zaidi Kenya kuliko Tanzania, na hao watazeeka na elimu yao.

Lakini Tanzania haikulala. Tangu 2004 ilijenga sekondari za kata kwa wingi, na mwaka 2016 ikafuta ada mpaka kidato cha 4. Nasi mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, na mwaka 2018 ikaamuru kila amalizaye darasa la 8 aendelee. Pengo likipungua mwaka 2070, mtu asishangae; mabehewa yanapakiwa sasa hivi.

Na hapa ndipo panaponiuma. Kenya ina utaratibu tangu 1994 wa kumrudisha shuleni msichana aliyezaa. Tanzania ilimzuia, Rais Magufuli akalitamka hadharani mwaka 2017, na zuio likaondolewa Novemba 2021. Kwa karatasi tulikuwa mbele. Lakini uchunguzi wa afya wa Kenya wa 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Homa Bay ni 23. Migori ni 23. Uchunguzi wa Tanzania wa mwaka huo huo ulikuta 22 kwa nchi nzima. Maana yake, tukijisifu kwa hesabu ya Kenya, tunajisifu kwa mabinti wa kaunti nyingine.

Sababu tunazijua, tusijifanye wageni. Kwenye fuo za ziwa samaki huuzwa kwa mwili. Kuria bado wanakata wasichana wakati wa likizo ya Desemba, ingawa sheria ya 2011 inakataza, na baada ya kisu huja posa. Na sisi wenye mshahara? Sare, chakula na bweni havikufutwa pamoja na ada. Fedha zikipungua, nani hubaki nyumbani? Nimesikia kwa masikio yangu mwanachama akisema msichana ataolewa tu.

Ndugu Mwenyekiti, katika mapatano na waajiri nashauri tuombe mambo mawili. La kwanza, mkopo wa shule utolewe Desemba, si Februari wakati nafasi imekwisha potea. La pili, msichana aliyezaa akarudi darasani aendelee kuhesabiwa mtoto wa mfanyakazi, kama ndugu zake wa kiume.

Pia karatasi iko mezani kwa Katibu. Kila mwenye binti aliyekaa nyumbani aandike umri wake na darasa alilofikia. Jina si lazima. Kamati itakwenda kwa walimu wakuu kabla muhula haujafunguliwa.