DEREVA AKISHIKWA KWA ULEVI: DHAMANA, RUMANDE NA ZILE SIKU 14

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi wa madereva, makondakta na mataniboi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama.)



Katika mikutano yetu mmetuuliza mara nyingi swali moja: mwenzetu akishikwa usiku kwa kuendesha gari amelewa, sisi tuliobaki nje tufanye nini? Leo tunataka kulijibu swali hilo hatua kwa hatua, ili kila mtu atoke hapa akijua lililo haki yake na lililo wajibu wake.

Kwanza tuseme neno moja wazi, lisije likapotoshwa. Chama chetu hakitetei ulevi barabarani. Dereva wa basi amebeba watoto wa wafanya kazi wenziwe, na dereva wa lori anapita katikati ya watu waendao sokoni. Akilewa, wa kwanza kuumia ni maskini mwenzake. Lakini kukataa ulevi ni jambo moja, na kumwacha mwenzetu apotee ndani ya seli kwa kutojua sheria ni jambo lingine. Mtu aliyeshikwa bado hajahukumiwa. Katiba inasema ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Kosa hili limeandikwa katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Anashikwa mtu anayeendesha gari, au anayejaribu kuliendesha, au aliye na gari chini ya mamlaka yake barabarani au mahali pa watu wote, hali amelewa pombe au dawa hata hawezi kulimudu gari sawasawa. Sikilizeni vizuri hayo maneno ya katikati. Hata kama magurudumu hayazunguki, dereva aliyekaa mbele ya usukani na ufunguo mkononi aweza kushikwa. Adhabu yake ni faini au jela, au vyote viwili pamoja, tena hakimu aweza kumnyima leseni. Na dereva asiye na leseni ni kama fundi aliyenyang'anywa nyundo.

Wako wenzetu wanaosema, "Kesi za kupuliza chombo zilikwisha futwa." Hawakuelewa. Kanuni za chombo hicho zilitungwa mwaka wa 2011, na askari walianza kukitumia sana barabarani mwezi wa Desemba 2013. Mwaka wa 2017 Korti ya Rufani ilizibatilisha kanuni hizo. Lakini haikukifuta kifungu cha 44. Kosa lingali pale pale, nalo laweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa namna nyingine. Basi asidanganywe mtu na maneno ya vijiweni.

Tuchukue mfano. Tuseme dereva wa lori amepumzika Mtito Andei akanywa, kisha akaondoka kuelekea Mombasa. Usiku wa Ijumaa, karibu na Voi, askari wanamsimamisha. Wanamwona amelewa na kumpeleka kituoni. Taniboi amebaki na lori na mzigo wa watu. Je, itakuwaje?

Askari wana wajibu wa kumwambia upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kumshika, na kumwambia kwamba ana haki ya kunyamaza. Hawawezi kumlazimisha akiri. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajiwa. Haki hizi zote zimo katika kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka wa 2010. Basi taniboi asikae akilia kando ya barabara. Apige simu tatu: kwa jamaa za dereva, kwa tajiri mwenye mzigo, na kwa mjumbe wa tawi. Aseme kituo ni kipi, saa ya kushikwa ni ipi, na nambari iliyoandikwa katika kitabu cha matukio cha polisi, yaani ile OB.

Dereva naye anyamaze. Asigombane na askari, asitukane, wala asitoe noti mfukoni. Ugomvi wa usiku mmoja huzaa mashtaka mengine asubuhi, na noti ya siri humfanya mshtakiwa wa hongo juu ya ulevi.

Je, atakaa ndani mpaka lini? Katiba inasema afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Lakini ina neno lingine ambalo wengi hawalijui: kama saa hizo zinamalizika wakati korti imefungwa, muda unasogea mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Hesabuni wenyewe. Aliyeshikwa Ijumaa usiku, saa zake 24 zinaisha Jumamosi usiku, na korti zimefungwa. Hivyo aweza kulala ndani mpaka Jumatatu, na askari wasiwe wamevunja sheria.

Hapa ndipo dhamana ya polisi inapofaa. Mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia mtu kabla ya kufika kortini, kwa ahadi kwamba atahudhuria siku aliyopangiwa. Kwa kawaida polisi humngoja kwanza mtu pombe imtoke, na hilo ni la haki, maana hakuna faida ya kumwachilia mlevi arudi kwenye usukani. Lakini Jumamosi asubuhi akiwa mzima, jamaa yake au mjumbe wetu aende kituoni na kumwomba mkuu wa kituo, kwa adabu, amwachilie kwa dhamana.

Dhamana ni za namna mbili kituoni, na msizichanganye. Ya kwanza ni bondi, yaani mtu anatia sahihi, pengine pamoja na mdhamini, kwamba atahudhuria. Bondi hiyo haina malipo hata senti moja. Ya pili ni dhamana ya fedha taslimu. Fedha hizo si faini, wala si ada ya askari. Ni amana. Lazima zitolewe risiti, na kesi ikiisha zinarudishwa, awe ameshinda au ameshindwa, mradi alihudhuria korti kila siku aliyoitwa. Fedha zisizo na risiti si dhamana, ni hongo, na kwa sheria mtoaji na mpokeaji wote wana hatia. Tena angalieni jina lililoandikwa katika risiti. Kama ni fedha za mchango wa tawi, jina liwe la yule aliyezitoa kwa niaba ya tawi, na risiti iwekwe pamoja na vitabu vya mweka hazina. Risiti ikipotea, kurudishiwa fedha huwa taabu kubwa.

Asipoachiliwa kituoni, Jumatatu atasimama mbele ya hakimu. Huko ataulizwa kama anakubali mashtaka au anakana. Ndugu zangu, hapa ndipo wenzetu wengi wanapoanguka. Mtu amelala seli siku tatu, ana njaa, amechoka, anataka kwenda nyumbani. Mtu fulani korido anamnong'oneza, "Kubali tu, ulipe faini, uende zako." Naye anakubali. Lakini kukubali mashtaka si mlango wa kutokea, ni hukumu. Hakimu aweza kumpa faini asiyoiweza, na asiyelipa faini huenda jela. Leseni nayo yaweza kwenda, na ile alama ya kuhukumiwa itamfuata. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Hatusemi mtu adanganye korti. Kama kweli alifanya kosa, na amekwisha shauriana na wakili au na watu wenye kujua, akikiri ni shauri lake, na mahakimu wengi hulitazama jambo hilo kwa huruma. Tunalolikataa ni mtu kukiri kwa sababu ya njaa tu. Na kama hakuielewa lugha ya korti, aombe mkalimani. Ni haki yake, bila malipo.

Akikana, hapo aombe dhamana ya korti. Katiba inasema apewe kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kama ziko sababu nzito za kumnyima, kama vile hofu kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 123, nayo inasema kiasi cha dhamana kisizidi mno. Kwa hiyo dereva asinyamaze anapotajiwa kiasi asichokiweza. Aseme mbele ya hakimu: mshahara wangu ni kiasi hiki, nina watoto hawa, nyumba yangu iko mahali fulani, kazi yangu ni hii. Hakimu hawezi kuyajua hayo asipoambiwa. Na masharti yakizidi bado, aweza kuomba yapunguzwe, na Korti Kuu ina uwezo wa kuyapunguza.

Mdhamini naye aje tayari. Awe na kitambulisho, na hati ya shamba, au kitabu cha gari, au karatasi ya mshahara, kwa jinsi korti itakavyotaka. Fedha za korti siku hizi hulipwa kwa benki au kwa simu, wala si mkononi mwa mtu korido. Yeyote anayewaambia mmpe yeye fedha ili "azungumze na hakimu" ni mwizi.

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuitishe mkutano huu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 nayo ina kifungu cha 44, kama ile ya Trafiki. Kifungu hicho kinataja makosa ambayo mwajiri aweza kumfukuza mtu kwayo papo hapo, bila notisi. Moja ni hili: mfanya kazi ameshikwa kwa kosa linaloweza kumfunga jela, na siku 14 zimepita naye hajaachiliwa kwa dhamana, wala kwa bondi, wala kwa njia nyingine ya halali. Siku 14, ndugu zangu! Sheria haikusema angoje mpaka apatikane na hatia. Imesema tu kwamba hajatoka. Mtu aweza kushinda kesi yake baadaye na kukuta kazi imekwisha kwenda, kwa kuwa hakupatikana mdhamini wala fedha za amana.

Kwa hiyo dhamana ya dereva ni jambo la kazi yake na chakula cha watoto wake. Tawi likingoja mkutano wa mwisho wa mwezi ndipo lichange, litakuwa limechelewa. Hesabu ianze siku ile ile aliyoshikwa.

Lakini tusidanganyane. Kifungu hicho hicho kinataja pia mtu kulewa wakati wa kazi hata asiweze kuifanya sawasawa. Dereva wa mfano wetu, aliyeshikwa na lori la tajiri, hata akitoka siku ya pili, aweza kukabiliwa na shtaka hilo kazini. Yule aliyeshikwa na gari lake mwenyewe siku ya mapumziko hesabu yake ni nyingine, kwani sheria imetaja saa za kazi. Hata hivyo katika hali zote mbili kiko kifungu cha 41: kabla ya kumfukuza, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa pamoja na mfanya kazi mwenziwe au mjumbe wa chama aliyemchagua. Mjumbe, ukiitwa kwa kazi hiyo, usikatae.

Neno la mwisho ni juu ya kuhudhuria. Dereva akisha kutoka, anarudi barabarani, na siku ya kesi inamkuta Malaba au Kampala. Korti haitajua habari za foleni ya mpakani. Hati ya kumshika itatolewa, amana yaweza kupotea, na mdhamini ataitwa alipe. Huyo mdhamini pengine ni mzee aliyeleta hati ya shamba lake la pekee. Kwa hiyo tarehe ya kesi ikitajwa tu, mjumbe amwandikie tajiri barua siku hiyo hiyo, aombe dereva asipangiwe safari, na nakala ya barua ibaki katika faili ya tawi.

Basi tunawaomba kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya mwezi huu kwisha: lichague watu wawili wa kupigiwa simu usiku, liweke akiba ndogo ya dhamana yenye daftari lake, na liandike majina ya wanachama walio tayari kuwa wadhamini. Na kila dereva alifanye la nne, lililo rahisi kuliko yote: akinywa, ampe mwingine ufunguo.

Umoja ni nguvu.